Kuomba kazi ya mtandaoni ukiwa Uganda: mwondolee mwajiri shaka kabla hajauliza

Tangazo la kazi ya mtandaoni halisomwi Kampala peke yake. Linasomwa Lagos, Manila na Warsaw siku hiyo hiyo, na rundo la maombi likishakuwa kubwa, anayelipitia haulizi tena nani bora. Anatafuta sababu ya kumweka mtu kando. Kwa mwombaji wa Uganda sababu hizo zinajulikana mapema: umeme utakuwepo? Mtandao utashika? Anaandika akaeleweka? Tutamlipa vipi? Wenye sifa kama zako wapo wengi. Waliojibu maswali hayo manne bila kuulizwa ni wachache, na hapo ndipo pa kujitofautishia.

Kwanza tangazo lenyewe. Likisema mwombaji awe anaishi Marekani, sababu huwa ni kodi na sheria za ajira, na barua tamu haitaziondoa. Usipoteze jioni yako. Peleka nguvu palipoandikwa EMEA, yaani Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, au palipotajwa saa badala ya nchi, kwa mfano "tofauti isiyozidi saa tatu na London". Uganda iko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC), mwaka mzima, na London hucheza kati ya UTC na UTC+1, kwa hiyo unaingia. Na anayekudai hela ya mafunzo au ya "usajili" kwa mobile money si mwajiri. Funga ukurasa.

CV tuliyozoea huku huanza na tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, kijiji na wilaya, ikashuka hadi matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mwisho wadhamini watatu na namba zao za simu. Ondoa yote hayo. Kampuni nyingi za nje hazitaki kuona umri, dini wala picha yako, zisije zikashtakiwa kwa ubaguzi. Kurasa mbili zinatosha. Chini ya jina weka mistari michache ya namna hii (utaiandika kwa Kiingereza, ni wazi): "Kampala, UTC+3. Napatikana saa nne za pamoja na New York kila siku ya kazi. Ruta na kompyuta zina umeme wa akiba. Natoa ankara kama mkandarasi, TIN ninayo." TIN ni namba ya mlipakodi.

Halafu maudhui. "Nilihusika na masuala ya fedha" haimwambii mtu kitu. Tuseme ulikuwa mtunza hesabu wa SACCO Mbale. Msomaji wa Berlin hajui SACCO ni nini, basi mweleze kwa maneno machache tu, kisha umpe namba: "Chama cha akiba na mikopo, wanachama 320. Nilihamisha leja za karatasi kwenda Excel, na kufunga hesabu za mwezi kukashuka kutoka siku 6 hadi 2." Kazi ni ile ile, ila sasa inaonekana.

Muundo nao huangusha watu. CV zenye safu mbili, masanduku ya rangi na vinyota vya ujuzi hupendeza kwa macho, lakini programu za kupokea maombi huzisoma vibaya. Fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Ukiona jina la mwajiri wa zamani limeingia katikati ya orodha ya lugha, au namba ya simu haipo kwa kuwa ilikuwa picha, ujue mashine nayo itakuona hivyo hivyo. Rudi kwenye safu moja.

Kinachobeba zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi ya mfano. "Mimi ni mchapakazi" huandikwa na kila mtu, wavivu wakiwemo. Kama nafasi ni ya huduma kwa wateja, nenda kwenye maoni ya watu kuhusu programu ya kampuni hiyo, chagua malalamiko matatu, uandike majibu ambayo ungewapa wateja hao. Ukurasa mmoja, saa mbili za kazi, usizidishe. Ongeza video ya sekunde 90 ukieleza kwa nini umejibu ulivyojibu, maana hapo anasikia Kiingereza chako na anapima sauti ya maikrofoni yako kwa wakati mmoja. Hitilafu inayojirudia ni kiungo cha Google Drive kilichoachwa kimefungwa. Msomaji akikutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, haombi, anaenda kwa mwingine. Kifungue kwanza kwenye dirisha la faragha, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako.

Saa zinahitaji uangalifu, hasa kwetu tunaohesabu kwa Kiswahili au Luganda, ambamo 9:00 ni saa tatu. Usaili wa saa 10:00 asubuhi New York mwezi Februari ni 18:00 kwetu, saa kumi na mbili jioni. Marekani wanasogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi, na usaili ule ule unakuwa 17:00, saa kumi na moja. Uingereza wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo kuna majuma ya katikati ambapo tofauti uliyoizoea kati ya New York na London si ile ile. Unapokubali mwaliko, andika saa zote mbili, ya kwao na ya kwako, kwa mtindo wa saa 24. Ukiwa umekosea, watakusahihisha siku hiyo hiyo.

Sasa umeme. Tangu Aprili 2025 usambazaji uko kwa UEDCL, kampuni ya serikali, na kampuni ya Umeme imeshaondoka, lakini mwajiri hajali ni nani anayekata. Anajali kama utapotea katikati ya kikao. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama Wh 74. Toa upotevu, zinabaki karibu 50, na ruta inayokula wati 10 itadumu kama saa tano. Utahitaji waya wa kupandisha USB ya 5V kuwa 12V, na hapa soma kibandiko nyuma ya ruta: tundu la 5V 2A linatoa wati 10 tu, kwa hiyo ruta ya 12V 2A inaweza kuwaka, kuzima na kuwaka tena bila kutulia.

Kasi ya mtandao ipime kwenye saa utakazofanya kazi. Alfajiri kila laini ni nzuri. Saa mbili usiku, ambapo New York ni mchana, ndipo mtaa mzima uko mtandaoni. Angalia kasi ya kupakia, maana hiyo ndiyo inayobeba sura na sauti yako. Kama video inatumia kbps 600 kwenda na 600 kurudi, saa moja inakula karibu MB 540. Laini ya pili ya mtandao mwingine iwe na bando tayari kabla ya usaili.

Jambo moja dogo lenye madhara: tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, wengi huacha VPN, programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine, ikiwaka siku nzima. Ukijaza fomu hivyo, CV inasema Kampala huku anwani ya mtandao ikisema Uholanzi. Anayekagua anaweza kukuhesabu mwongo. Izime kwanza.

Malipo: TIN ya mtu binafsi unaipata URA, mamlaka ya mapato, mtandaoni bila ada. Taja kwamba unapokea kwa Payoneer, huduma ya malipo ya mtandaoni, au kwa SWIFT, yaani uhamisho wa benki wa kimataifa, kwenye akaunti ya dola, na jina la kwenye CV, kitambulisho cha taifa na akaunti liwe moja, kwa mpangilio mmoja.

Kiswahili nacho ni mtaji, ila usiandike "Kiswahili: kizuri". Andika kasi, mfano maneno 2,000 ya tafsiri kwa siku, na aina ya matini. Jua pia kwamba majaribio ya tafsiri hupimwa kwa Kiswahili sanifu, si kile cha sokoni Kampala, na wanaoanguka huangushwa na ngeli: "faili yangu imefutwa" kwenye sentensi moja, "faili hilo" kwenye inayofuata.