Maji Yaliyokula Buluu

Picha za mto mchafu nilikuwa nazo tele. Povu, samaki waliokufa, mifuko iliyonasa kwenye matete. Nilipowaonyesha watu wa pale walizitazama kwa adabu tu, wakanirudishia. Mto ni wao, wanauona kila siku. Picha yangu ingewaambia nini? Kwa hiyo siku ya warsha niliiacha kamera, nikabeba karatasi, dawa na mabeseni.

Tulikuwa tunachapa picha kwa njia ya buluu, yaani sianotaipu, aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Mwaka mmoja baadaye Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, alianza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza kwa njia hiyohiyo, bila kamera: mmea unalazwa juu ya karatasi, jua linafanya mengine. Dawa zenyewe ni mbili, feri amonia sitreti na potasiamu ferisianidi. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikizipiga hugeuka buluu isiyoyeyuka majini. Palipofunikwa na jani dawa huoshwa ikatoka, pakabaki peupe. Kuosha, basi, ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo niliyoitaka.

Beseni moja tulijaza maji ya juu ya mto, la pili maji yaliyochotwa mtoni, chini kidogo ya bomba linalotoa maji ya karakana moja ya kufulia. Kwa macho yalikuwa mamoja, meupe yote. Karatasi zilipakwa pamoja na kuanikwa pamoja, kila mtu na gugu lake.

Mwanzoni buluu ilitoka vizuri kotekote, nikaanza kuona aibu mapema. Tukaziacha zilowe. Tuliporudi, za beseni la pili zilikuwa zimeanza kupauka pembeni: zambarau hafifu kwanza, halafu manjano kama ya kutu, ikitambaa kuelekea katikati hadi vishipa vya jani, vilivyokuwa vyeupe na wazi, vikapotelea humo.

“Mwanangu,” mzee mmoja akaniuliza, “ni maji au ni hizo dawa zako?”

Swali zuri kuliko yote niliyojiandalia. Kabla sijajibu, binti mmoja wa shule akachomoa karatasi iliyokolea buluu kutoka beseni la kwanza na kuitumbukiza la pili, nusu tu, nusu akaishika mkononi. Akakaa hivyo hivyo, mkono ukimchoka, akikataa kupokewa. Alipoitoa, nusu iliyolowa ilikuwa imefifia na mpaka ulionekana kama umepigwa rula.

“Yanafua kuliko sabuni!” bibi mmoja akasema, watu wakacheka, ila si kwa muda mrefu.

Nikawaeleza kuwa buluu hii haistahimili alkali, yaani kemikali zilizo kinyume cha asidi. Ukiitia magadi yataivunja vilevile. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana kijana mmoja alishatangaza kwamba maji ya juu basi ni safi, yanafaa kunywewa. Hapana! Sumu ya madini kama risasi au zebaki ingeweza kuwamo na buluu ikabaki inang'aa. Isitoshe, yako maji yenye alkali ya asili, yatokayo kwenye miamba, bila mkono wa mtu. Karatasi ilituambia maji mawili yanatofautiana, basi. Nani kayatofautisha, na kwa kitu gani, hilo ni la maabara. Baadhi walinuna, walitaka picha iwe hukumu, nami nadhani msanii anayewapa watu hukumu ya namna hiyo anawauza, kwa sababu mwenye karakana akileta mkemia mmoja tu, kesi imekwisha.

Kamati yao ilikwenda kwa afisa wa mazingira na chupa mbili za kupimwa, pamoja na ile karatasi ya nusu kwa nusu. Chupa alizipokea, akazibandika lebo, akaziweka kando. Kuhusu karatasi aliuliza maswali mengi, na aliyekuwa akimjibu, hatua kwa hatua, ni yule binti.