Nilivyoshona gimnastyorka (mashati ya askari wa Kisovieti) sita zisizofaa, na vitabu vilivyonisaidia kuipata ya saba

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilifundishwa na baba pale Ngamiani, Tanga, kwenye kibaraza chenye cherehani mbili na redio moja, na kwa miaka mingi tulichoshona zaidi ni kanzu. Sasa nipo Leicester, Uingereza. Hapa nafupisha suruali, nabadilisha zipu za makoti, na ikifika Agosti nakimbizana na sare za shule.

Mwaka 2018 aliingia dukani mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu wa reli, na mfuko wa plastiki mkononi. Akatoa kitabu chembamba, ukurasa umewekewa tiketi ya basi kama alama. Mchoro wa rangi: askari wa Jeshi Jekundu la Wasovieti, mwaka 1943, bunduki mkononi, kofia imelalia sikio. Akauliza kama naweza kushona mashati sita kama lile. Nikatupia jicho mara moja, nikamwambia rudi baada ya wiki tatu. Shati ni shati, nilijisemea.

Nieleze kidogo hawa ni watu gani. Kuna watu hapa ambao wikiendi za kiangazi huvaa nguo za vita vya zamani, wakapiga kambi uwanjani, wakapika kwenye masufuria ya kijeshi na kuwaeleza watoto jinsi askari alivyokula na kulala. Kikundi cha huyu mzee kilichagua kuigiza Wasovieti. Nguo zilizoshonwa tayari zipo za kuagiza, ila zimekatwa kwa vijana wembamba, na wengi wao umri umeshasogea na matumbo yamesogea nao. Ndiyo maana wakatafuta fundi.

Basi nikashona. Kwenye ule mchoro askari amefunga mkanda kiunoni, na kwenye mkanda kuna mifuko ya risasi. Vifungo vinaonekana kifuani, vinashuka, kisha vinapotelea huko kwenye mkanda na mifuko. Mimi nikamalizia mwenyewe: nikapasua mbele yote, nikapanga vifungo saba mpaka kwenye pindo. Mashati sita, matundu ya vifungo safi kabisa, nikayapiga pasi. Siku ya kuchukua, mzee akavaa moja, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akasema kwa upole: “Nafanana na tarishi.”

Gimnastyorka, ndilo jina la lile shati, haifunguki mpaka chini. Inavaliwa kichwani. Ina mpasuo unaoishia kifuani, vifungo vitatu kwenye ukanda wa mpasuo, na chini ya hapo ni kitambaa kizima. Kwa maneno mengine, ni kanzu iliyokatwa juu ya magoti ikavalishwa mkanda! Mtoto wa mshona kanzu nimekaa mbele ya kanzu wiki tatu sikuitambua. Baba angekuwa hai ningemficha habari hii.

Mzee hakudai kitu, ila mimi niliona haya. Nikamwambia kitambaa cha awamu ya pili ni juu yangu, yeye aniletee vitabu vyote alivyonavyo. Akaleta kasha zima.

Vile vyembamba, vyenye kurasa 48 na michoro minane ya rangi katikati, ndivyo wengi wanaanza navyo. Ni vizuri kwa kujua nani alivaa nini na lini. Kwa fundi havitoshi. Mchoraji anataka askari apendeze, kwa hiyo anamgeuza kidogo, anamwekea mkono kiunoni, anamning’iniza begi begani, na kila alichoning’iniza kinaziba mshono niliokuwa nautafuta. Sasa nikifungua kitabu cha namna hiyo, kwanza natafuta kisichoonekana. Mgongo upo? Kwapa lipo? Kama havipo, sikati kitambaa.

Kingine kilikuwa kitabu cha picha kilichotoka 1993, cha Shalito, Savchenkov na Mollo. Humo watu halisi wamevalishwa nguo halisi za Jeshi Jekundu la Vita Kuu ya Pili na kupigwa picha za rangi. Hicho nilikaa nacho usiku hadi mke wangu akauliza kama nimeajiriwa jeshini. Unaona kitambaa kinavyojikunja kwenye kiwiko. Unaona kwamba suruali zao, sharovari, zina kiraka cha pembe tano kwenye goti, kimeshonwa kiwandani kwa makusudi, wala si cha mtu maskini. Ila kitabu hicho kina hila yake: nguo nyingi zilizobaki mpaka leo zimebaki kwa sababu hazikuvaliwa sana. Iliyotoka vitani ilichakaa ikawa tambara la kufutia bunduki. Kwa hiyo ukifuata picha hizo tu, kikundi chako kitaonekana kama kimetoka stoo asubuhi ileile.

Kilichonitoa jasho ni cha tatu, na hicho ndicho ninachokitetea mbele ya yeyote. Ni kitabu cha O. V. Kharitonov, kilitolewa Leningrad mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya historia ya mizinga. Kinaeleza mavazi na alama za vyeo kuanzia 1918. Mzee alikuwa na nakala iliyorudufiwa, imefifia, na yote ni Kirusi. Hakuwahi kuisoma, alitazama michoro tu.

Hapo nikamkumbuka mjomba wangu wa Sinza, Dar es Salaam. Miaka ya sabini alisoma uhandisi wa umeme Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kama Waafrika Mashariki wengi wa wakati ule. Nikampigia picha ukurasa mmoja, nikatuma WhatsApp.

“Shikamoo mjomba. Kirusi bado kipo?”

Akajibu kwa sauti, dakika nne nzima. “Marahaba mjomba. Kipo, ila kina kutu. Sasa wewe na nguo za Stalin wapi na wapi?”

Tukawa na utaratibu. Natuma ukurasa jioni, asubuhi naamka na sauti zake. Anasoma Kirusi kwanza, polepole, kama anaonja, halafu anatafsiri, halafu anaingiza kisa cha baridi ya Januari au mhadhiri wake wa hesabu, na lazima nisikilize vyote nisije nikapoteza kipimo kilichofichwa katikati.

Kutoka kwake ndipo nilipoelewa kwa nini kuna gimnastyorka za aina mbili na kwa nini watu wanazichanganya. Ya mwaka 1935 ina kola ya kulala, na cheo kilikuwa pale kwenye kola. Halafu tarehe 6 Januari 1943 ikatoka amri ya kurudisha vibao vya mabegani, pogoni, na tarehe 15 mwezi huohuo agizo namba 25 likaeleza nguo nzima upya: kola sasa inasimama, ina vifungo viwili vidogo, na cheo kimehamia begani. Mjomba alicheka aliposoma hapo. Vibao hivyohivyo vilipigwa marufuku baada ya mapinduzi ya 1917 kwa sababu vilikuwa alama ya maofisa wa mfalme, na watu walivinyofoa kwa mikono. Robo karne baadaye fundi wa Stalin anavishona tena.

Sasa kuna jambo la mifuko, ambalo lilitugombanisha. Kwenye maelezo ya 1943, shati la askari wa kawaida halina mifuko kifuani; la ofisa lina mifuko ya ndani yenye vifuniko. Mimi nikakata sita bila mifuko. Mteja mmoja, kijana mjuaji, akaja na picha ya wakati wa vita: askari wa kawaida, kola ya kusimama, vibao begani, na mifuko miwili ya kubandika kifuani. Akasema kitabu changu kina makosa.

Nikaitazama ile picha siku mbili. Kisha nikamwomba mjomba arudie agizo. Jibu lilikuwa mlemle: nguo za zamani ziliruhusiwa kuendelea kuvaliwa na vibao vipya. Nani atachoma mamilioni ya mashati katikati ya vita? Kwa hiyo shati la 1935, lenye mifuko yake ya kubandika, linang’olewa kola ya kulala, linawekewa ya kusimama, linatobolewa begani. Kazi hiyo naijua. Ndiyo inayonilipia pango. Kitabu hakikukosea na picha haikukosea. Kitabu kilieleza nguo mpya, picha ilionyesha ya kukarabatiwa. Nikamshonea yule kijana ya kwake kwa njia hiyohiyo: kwanza nikashona ya 1935 kamili, kisha nikaibomoa kola. Kwenye mstari wa shingo ukiangalia kwa karibu unaona vitobo vya sindano vya mshono wa kwanza. Alifurahi kuliko wote.

Vipimo nilivipata kwa kifungo. Vitabu vingi haviandiki upana wa ukanda wa mpasuo au urefu wa kola. Mzee alinipa kifungo kidogo halisi cha shaba chenye nyota, nyundo na mundu; hakifiki sentimita 2. Nikakipima. Kila nikipata picha iliyopigwa kwa mbele, napima kifungo kwenye picha, napima kola kwenye picha, nagawanya, kisha nazidisha kwa kipimo cha kifungo halisi. Inafanya kazi ajabu, mradi mtu asiwe amegeuka upande.

Rangi ilinishinda kwa muda. Shati moja, vitabu viwili: kimoja kijani cha mwembe, kingine rangi ya mchanga. Ni mtambo wa kuchapa, ni taa ya studio, na ni ukweli pia, kwa sababu rangi za wakati wa vita hazikutoka sawa na jua lilizila haraka. Niliagiza jora zima kwa kufuata ukurasa. Lilipofika lilikuwa kijani kama meza ya pool. Nililiosha kwa magadi mara tano, nikalianika nje nikisubiri jua la Leicester. Nilisubiri sana. Siku hizi siagizi kitambaa kwa ukurasa wa kitabu. Naomba kipande, nakiweka karibu na nguo halisi kama ipo, na kama haipo nachagua kilichopauka.

Kitu kidogo kilichonipendeza kuliko vyote hakionekani kwenye mchoro wowote niliouona. Mjomba alikutana na neno podvorotnichok akalirudia mara tatu kwa raha. “Pod ni chini. Vorotnik ni kola. Ni kile kinachokaa chini ya kola.” Kitambaa cheupe, chembamba kama utepe, kinachoshonwa kwa mkono ndani ya kola ili jasho na uchafu viishie hapo, kikichafuka unakifumua, unafua, unashona tena. Nikamwambia mjomba, hiyo ni leso ya kondakta wa daladala. Akasema hasa, ila ya kondakta haikaguliwi na sajenti.

Siku ya maonyesho ya kwanza nilikwenda nao. Asubuhi, kwenye maegesho ya magari, niliwakuta wanaume wazima sita wameketi kwenye buti za magari yao, miwani puani, wanashona vitambaa vyeupe kwenye kola, nyuzi zinawapotea kwenye nyasi. Nilitaka kuwasaidia, mzee akanikataza. Alikuwa amesoma kwamba kila askari alishona cha kwake. Alijichoma kidole, akanyonya, akaendelea.

Tangu 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote, wawili kati yao wameweka nguo kabatini, na siwezi kuwalaumu, ingawa mamilioni ya waliovaa gimnastyorka wakati ule walikuwa Waukraine. Waliobaki bado wanakuja dukani na vitabu vyao.

Wiki iliyopita ameingia mwanamke, mwalimu, anataka kuigiza muuguzi wa mstari wa mbele. Wanawake takriban 800,000 walitumikia jeshi lile, na wengi walipewa nguo za wanaume wakazikunja mikono. Yeye anataka ile iliyokatwa kwa ajili ya mwanamke, yenye vifungo upande wa pili. Nimempigia picha mjomba kurasa mbili, nikamwandikia asome taratibu, asianze na kisa cha mhadhiri. Tiki za bluu zimeingia saa tatu usiku. Juu ya skrini imeandikwa kwamba anarekodi sauti, na bado anarekodi.