Kina Khan si wa nyumba moja jamani

Jana barazani Mkunazini mtu kasema Amir Khan bondia ni mtoto wa Aamir Khan wa sinema za Kihindi, na watu wakakubali, mpaka muuza kahawa kasimama na dele mkononi anasikiliza. Yakhe hata si jamaa! Huyu wa ngumi Muingereza, kazaliwa Bolton, kachukua medali ya fedha Olimpiki ya Athens 2004 ana miaka 17 tu. Hata kina Khan wa sinema, Shah Rukh, Salman na Aamir, wote wamezaliwa 1965 lakini kila mtu na kwao. Mie namhusudu zaidi Imran Khan, nahodha wa Pakistan walipobeba Kombe la Dunia la kriketi 1992, baadae akawa waziri mkuu, na Jahangir Khan wa skwashi msimsahau, bingwa wa dunia mara 6 yule!