Nilikuwa naongoza sifa huku moyo umekauka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimekaa na hii post muda mrefu, naandika nafuta, leo naitoa tu hivyo hivyo ilivyo.

Kuanzia 2021 mpaka katikati ya 2023 nilikuwa mkavu. Na sikuacha kanisa, ningeacha labda mtu angeniuliza dada una nini. Nilikuwa naongoza sifa Jumapili mbili kila mwezi, kwaya nipo, grupu la wasapu la maombi ya saa kumi na moja alfajiri nipo, naandika Amina naweka na ile mikono miwili halafu narudi kulala. Nikifungua Biblia naona herufi. Nikipiga magoti nawaza gesi inaisha lini. Halafu Jumapili nasimama mbele, watu wanalia, wanainua mikono, mi niliyeshika maiki sisikii kitu, yaani kama mtu anayepakua chakula cha shughuli nzima na yeye mwenyewe ana njaa.

Nilihangaika jamani. Mikesha nimekesha, nimefunga siku 21, semina za uwanjani nimeenda na nimeitwa mbele nikawekewa mikono. Na siwezi kusema ilikuwa bure, nilikuwa napata moto kweli, siku tatu, nne, afu ikifika katikati ya wiki nipo palepale tena nikiwa na hatia juu yake, kwamba hata mkesha haunisaidii.

Agosti 2023 nikaenda kijijini kwa bibi, upande wa Mvumi, Dodoma. Wanaoijua Dodoma wanajua Agosti inakuwaje, mvua ni msimu mmoja tu, ikikata kwenye mwezi wa nne basi mpaka Desemba huko. Korongo la kwetu wakati huo ni mchanga mtupu, mgeni akipita anaweza kuapa hakuna hata tone. Lakini maji yapo chini. Kinamama wanachimba kwa jembe wakifika kwenye unyevu wanaacha, wanakaa pembeni wanapiga stori, maji yanajikusanya taratibu. Ya kwanza ni tope, unayachota unamwaga, yanakuja mengine tope kidogo, unamwaga tena, mpaka yaje ya kunywa. Pembeni wanazungushia miiba ng'ombe wasitumbukie. Na kiangazi kinavyozidi unachimba kwenda chini zaidi, ikifika Oktoba mtu akishuka humuoni kichwa. Cha ajabu mvua ndio inayofukia! Korongo likija na mafuriko linaleta mchanga linaziba kila kitu, kwa hiyo kisima cha mwaka jana hakipo, mwaka huu mnachimba upya palepale.

Nimeyaona hayo tangu mtoto, sikuwahi kuyawaza kitu. Mwaka huo bibi tumekaa naye uani jioni, akanifungulia Mwanzo 26, pale Isaka anavichimbua visima vya baba yake Ibrahimu, vile ambavyo Wafilisti walivijaza kifusi, na anaviita majina yaleyale aliyoyaita baba yake. Akaniangalia. Akasema mjukuu wangu, maji hayajaondoka, niambie wewe umefukiwa na nini.

Bibi yangu ni mtu wa uamsho, ule wa Afrika Mashariki, wale wa zamani kabisa. Akiwa msichana alimsikia Festo Kivengere, kabla hajawa askofu huko Kigezi, miaka ile alikuwa mwalimu tu wa shule pale Dodoma, ametoka Uganda. Bibi anachokumbuka kuliko mahubiri ni ile habari kwamba baada ya kuokoka alipanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa anamchukia. Kwa bibi uamsho ni hiyo baiskeli. Na ukiufuatilia huo uamsho ulipoanzia ni hivyohivyo, 1929 daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, mmisionari kabisa, amechoka na amekauka, akaenda Kampala akakutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe, wakakaa siku mbili na Biblia wakiomba, Mwingereza na Mganda, enzi za ukoloni zile. Watu wawili tu. Hakukuwa na jukwaa wala spika. Kutoka hapo ikaenda Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi, na neno lao kubwa likawa 1 Yohana 1:7, kuenenda nuruni.

Basi nikamwambia bibi. Nilikuwa mtunza hazina wa kwaya. 2021 ada ya mtoto ilinibana nikachukua 240,000 ya sare, nikajiambia mwisho wa mwezi narudisha. Nikarudisha laki moja. Iliyobaki, 140,000, nikaandika kwenye daftari kwamba ni malipo ya awali ya fundi. Hakuna fundi. Na nilikuwa nafunga na kukesha nikimwomba Mungu anipe upako mpya wakati lile daftari lipo kabatini kwangu, chini ya mashuka, nalijua lilipo mpaka gizani.

Bibi hakunihubiria. Aliniombea kifupi, akasema hilo ni tope la kwanza, ukirudi limwage.

Nilirudi Dar nikauza simu nikawa na kitochi miezi minne. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kwaya na hela na daftari, nikaongea mikono inatetemeka. Nilivuliwa uhazina na nilisimamishwa kuimbisha miezi mitatu, na ilikuwa sawa kabisa. Usiku huohuo nikasoma Zaburi 51 nikalia mpaka mume wangu akaamka, ambaye na yeye alikuwa hajui, kwa hiyo likawa tope la pili.

Hapa naomba nieleweke, sisemi kila aliyekauka anaficha dhambi. Nimeona dada mmoja amejifungua, hajalala wiki kadhaa, analia bila sababu, watu wakawa wanamkemea uvivu wa kiroho!! Inaniuma mpaka leo. Yule alihitaji usingizi na daktari. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakumkemea, alimtuma malaika na mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Kwa hiyo anza kwa kujiuliza umelala? umekula? una msiba ambao hujaulia? Na kutubu nako kuna mipaka, bibi mwenyewe anasema kuna kipindi ushirika wao uliumia, toba ikageuka mashindano, watu wanasimama kutaja mambo yanayowahusu wengine. Mwambie Mungu, mwambie uliyemkosea, na mtu mmoja wawili wa kuaminika.

Sasa hivi tuko kinamama watatu, Alhamisi jioni kwa mmoja wetu, chai, sura moja ya Biblia, afu kila mmoja anasema wiki yake ilivyo kweli. Kuna Alhamisi hakuna kitu cha maana kabisa. Mikesha bado naenda na naipenda, ila mchanga unarudi, tena unarudi zaidi nikiwa kwenye mafanikio, watu wakinisifia nimeimba vizuri.

Na bibi anapiga simu kila Jumamosi. Anauliza swali lilelile, Bwana amekuonyesha nini wiki hii. Jumamosi iliyopita nikaanza kumweleza habari za mvua na watoto, akanyamaza, namjua akinyamaza. Asubuhi nilikuwa nimemfokea dada wa kazi mbele ya wageni kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Nikamwambia bibi subiri usikate, nikaweka simu mezani nikaenda jikoni.