Goti la bibi

Bibi aliletwa na mjukuu wake usiku wa zamu yangu, goti la kulia limekazwa kwa khanga. Goti ndilo alilolitaja kwanza; kutapika kulikuja baadaye. Miaka 83, kilo 38, uzazi 7, siku 3 chakula hakikai. Joto 36.4, mapigo 112, presha 90/60, tumbo laini lililojaa kidogo. Choo chepesi bado kilikuwa kinatoka, na kwenye faili pameshaandikwa: kuhara, yabisi ya goti.

Choo hicho hupotosha wengi. Utumbo ukiziba, kilicho chini ya kizuizi huendelea kutoka. Na ukinaswa upande mmoja tu wa ukuta wake, njia haifungi yote. Mzee anaweza asipate homa wala tumbo gumu hata utumbo ukianza kufa.

Nikapitisha mpira wa pua namba 16 hadi tumboni. Ikatoka lita moja na robo, kijani kwanza, kisha rangi ya matope yenye harufu ya choo. Eksirei ilionyesha vitanzi vya utumbo mwembamba vyenye upana wa sm 4, wakati kawaida haivuki 3, na puru, mwisho wa utumbo mpana, haina hewa.

Hakuwa na kovu la upasuaji ambalo lingeweza kunasa utumbo, kwa hiyo nikatafuta ngiri, utumbo uliopenya kwenye tundu. Nikapapasa manena yote mawili, hadi pale chini ambako ngiri ya paja hujificha. Hapakuwa na uvimbe.

"Bibi, naomba ninyooshe mguu."

"Usininyooshe, mwanangu. Tangu juzi nalala nao umekunjwa."

Nikaunyoosha taratibu, nikaupeleka nje, nikauzungusha kwa ndani. Akanidaka mkono: maumivu yameshuka paja la ndani mpaka gotini. Goti lenyewe lilikunjika bila taabu. Neva ya obturata, mshipa wa fahamu wa paja la ndani, hupita kwenye tundu dogo la nyonga, na kwa bibi aliyekonda mafuta ya kuliziba huwa yamekwisha. Utumbo ukipenya humo, neva hubanwa. CT skani ingeonyesha, lakini iliyo karibu ilikuwa safari ya saa 4.

Tukamwongezea maji hadi mkojo ukarudi, alfajiri tukafungua tumbo. Kipande cha ukuta wa utumbo kilikuwa kimenasa tunduni, zambarau iliyokolea. Tukakifunika kwa vitambaa vya maji ya chumvi ya vuguvugu, dakika 10, kikarudi wekundu. Hatukukata. Tundu tukalishona.

Asubuhi ya pili nilimkuta amelala mguu umenyooka, khanga amejifunika mabegani.