Mjusi wa Tendaguru na imani ya anayekuja kusoma sayansi Berlin

Asalaam aleykum ndugu zangu wa Lindi na Mtwara. Wakubwa, shikamooni.

Kijana akija Ujerumani kusoma sayansi, nyumbani huagwa kwa dua na onyo: dini yako usiiache maabara. Akishafika, mpelekeni kwanza Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Viumbe, asimame chini ya mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu Lindi. Kimo chake ni mita 13.27. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele peke yake una mita 2.13.

Mwenye shaka hutaka hesabu, basi apewe. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Uchimbaji ulikuwa kuanzia 1909 hadi 1913: miaka ya mwanzo waliuongoza wanasayansi wa Kijerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mbung'o walizuia kutumia wanyama, kwa hiyo tani zaidi ya 200 zilifika pwani vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa. Kwa mzigo wa kilo 30, hiyo ni mizigo zaidi ya 6,000. Na Maji Maji ilikuwa imekwisha 1907 tu, na njaa yake watu wa kusini walikuwa hawajaisahau. Mtu angeletewa mpango huo kwenye karatasi angesema hauwezekani.

Mfupa wa aina hii ni jiwe, lakini ni jiwe lenye nyufa. Ukiuchimbua wazi, unakauka na kumeguka mkononi. Huachwa nusu ardhini, hunyweshwa gundi nyepesi, hufunikwa karatasi mbichi, kisha magunia yaliyochovywa kwenye jasi. Ukiisahau karatasi, jasi inashika mfupa wenyewe, na siku ya kuifungua inang'oka na ngozi yake. Tendaguru walitumia pia mianzi: fito zikipangwa kuuzunguka mfupa na kukazwa kama dema la samaki. Baadhi ya vifurushi hivyo vya mianzi vimekaa Berlin zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa, vikipigwa picha za mionzi kwanza ili ijulikane kilichomo.

Siku hizi gundi inayotumika sana ni Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni. Ya kupenyeza ndani iwe asilimia 5 hivi; ya kuunganisha vipande iwe nzito zaidi. Mwenye haraka huanza na nzito: inabaki juu inang'aa, ndani mfupa ni unga vilevile. Kisha jiwe linalouzunguka linaondolewa kwa sindano na patasi ndogo, chembe kwa chembe. Pingili moja ya uti wa mgongo inaweza kula miezi.

Lakini kosa baya kuliko yote halitoki kwenye gundi. Ni kupotea kwa alama ya shimo. Mashimo ya Tendaguru yalipewa herufi, na mifupa mingi ya mjusi huyu ilitoka shimo S. Bila herufi hiyo hujui mguu huu ni wa nani. Mtaalamu anayefungua kifurushi leo hakuwepo shimoni. Anaanza kazi kwa kuamini mkono ulioandika na mkono uliofunga, yaani mikono ya watu wa Lindi ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Janensch mwenyewe alisubiri hadi 1937 ndipo mifupa ikasimama.

Sisemi mifupa inathibitisha kuwepo kwa Mungu. Hiyo si kazi ya mifupa. Ninachosema ni kwamba hapa ndipo msomi aliyezoea kukataa kila asichokipima hujikuta tayari ameamini kabla ya kupima, na kazi haiendi bila hivyo. Akishalikubali hilo, neno imani halimtishi tena. Kwa Muislamu, Al-Ankabut aya ya 20 inaamrisha watu watembee ardhini waangalie uumbaji ulivyoanza. Umri wa mifupa hii, takriban miaka milioni 150, haupingani na amri ya kuangalia.

Mkifika pale, msianze kwa kutazama juu. Pingili za shingo na mgongo ni za kuigiza, kwa sababu halisi ni nzito na dhaifu mno kutundikwa. Angalieni miguu. Hiyo ndiyo mifupa yenyewe, iliyoshuka kwa miguu ya watu hadi bandari ya Lindi.