Macho yakifumbuka mapema, usiseme ubongo umekomaa

Mwaka 1962 Stanley Cohen alieleza protini aliyoitoa kwenye tezi za mate za panya. Panya wachanga waliodungwa protini hiyo walifumbua macho kwenye siku ya 7 hivi, badala ya siku ya 12 hadi 14. Hiyo ndiyo EGF (kwa Kiingereza epidermal growth factor), mojawapo ya vichocheo vya ukuaji vilivyompatia Cohen, pamoja na Rita Levi-Montalcini, Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwanafunzi wa Unguja au Pemba anayeisoma habari hii kwa mara ya kwanza hudhani mnyama mzima ameharakishwa. Sivyo. Kope na meno vilitangulia, mwili ukadumaa na manyoya yakachelewa.

Kudumaa huko ndiko kunakoharibu vipimo vya mwendo wanavyofanyiwa watoto wa panya waliodungwa EGF ili kuona inaufanyia nini ubongo, na naona watu wengi wanakupita haraka mno.

Mbuzi wa Micheweni, Pemba, akizaliwa alfajiri, jua halijapanda keshasimama anatafuta chuchu, kwa kuwa ubongo wake umefanya sehemu kubwa ya kazi tumboni. Panya wa maabara wa aina kubwa (rat) huzaliwa na gramu 5 hadi 7, macho yamefumba, na hutembea sawasawa kwa miguu minne wiki ya pili ikielekea kwisha. Ubongo wake ungali unajiunga, na kizuizi kati ya damu na ubongo hakijakaza, hivyo EGF iliyodungwa chini ya ngozi hupenya kwa urahisi zaidi. Humo huongeza kimeng'enya kinachotengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na dopamini hupanda kwenye striatamu, sehemu inayoongoza mwendo. Ajabu ni kwamba kasoro kubwa hujitokeza baada ya balehe, sindano zikiwa zimekoma zamani: sauti ndogo inayotangulia haipunguzi tena mshtuko wa sauti kubwa, na panya huwa mzito kuchangamana na wenzake.

Kwa anayepanga jaribio, vibali vikishapatikana, kiwango cha kawaida ni takriban mikrogramu 1 kwa kila gramu ya uzito, mara moja kwa siku. Pima uzito kila asubuhi, maana dozi ya jana haimfai mtoto wa leo. Tumia sindano nyembamba ya insulini, ujazo wa mikrolita 50 au chini yake, na ukishadunga subiri sekunde chache kabla ya kuchomoa. Ukichomoa upesi dawa huvuja na hutajua ni kiasi gani kilichoingia. EGF ikizimuliwa sana hunata kwenye kuta za kichupa, kwa hiyo tia asilimia 0.1 ya albumini, protini inayozifunika kuta hizo. Igawe katika vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huipunguzia nguvu. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Friza isiyo na jenereta si mahali pa kuweka kitu hiki.

Vipimo viwili vinatosha kwa wiki ya kwanza. Mlaze mtoto chali, uhesabu sekunde mpaka ajigeuze. Kisha mweke kwenye ubao ulioinama nyuzi 30, kichwa chini, umpe sekunde 60 ageuke kuelekea juu. Juu ya ubao weka kitambaa kinachoshikika, la sivyo utakuwa unapima utelezi.

Kiyoyozi kizimwe. Mtoto wa panya hawezi kujipasha moto vya kutosha, na akikaa dakika chache kwenye chumba cha nyuzi 22 hupooza mwendo kuliko dawa yoyote. Joto la kiota ni karibu nyuzi 34. Chukua mmoja mmoja, mrudishe kwa mama mara moja.

Usiwape kiota kizima dawa na kingine maji ya chumvi. Ndani ya kila kiota, cha watoto 8 kwa mfano, nusu wapate dawa na nusu maji ya chumvi, na kwenye hesabu kiota ndicho kihesabiwe, wala si kila mtoto peke yake. Halafu linganisha mwenye EGF na mwenzake wa maji ya chumvi mwenye uzito uleule, hata kama mwenzake huyo ni wa kiota kingine na ni mdogo kwa siku moja au mbili. Tofauti ya sekunde ikitoweka hapo, huenda kilichopimwa ni misuli na uzito, wala si dopamini.